Bwana Afya Mutindi na Maji ya Kyambusya

Chupa ilikuwa ya soda, imezibwa kwa kitambaa kilichosokotwa. Mbinya aliiweka juu ya meza ya Mutindi katika kituo cha afya cha Kikima, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Fungua mwenyewe," alisema. "Mimi nimenusa ya kunitosha."

Ilikuwa Novemba, mwaka wa 1986. Mutindi alikuwa na miaka ishirini na tisa, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili kazini. Kazi yake ilikuwa kukagua bucha, hoteli, vyoo vya shule na visima vya tarafa nzima, na watu wote walimwita Bwana Afya. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa imefanywa na wanaume peke yao, na hakuna aliyejua cheo hicho kiitwe vipi kikishikwa na mwanamke. Wenye hoteli waliambiana, "Osha vikombe, Bwana Afya ameonekana na mkoba wake," naye mchungaji alimwita dada Bwana Afya. Mutindi alizoea. Mume wake, mwalimu Muli, aliyefundisha Mwingi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikuwa akimwandikia barua zenye anwani hiyo hiyo kwa utani, nazo kwa posta zilifika bila shida.

Alifungua chupa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya uji uliochacha na kitu kingine chini yake, kama kinyesi cha kuku kilichonyeshewa. Maji yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Umeteka wapi?"

"Kyambusya. Pale chini kwangu. Kijito chote kiko hivyo."

"Kila siku?"

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa," Mbinya alisema. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mkononi ameshika kiondo alichokuwa akisuka hata akitembea. "Jumatatu nimefua nguo, maji safi. Jumatano ng'ombe amekataa kunywa. Watoto wa mwanangu wamejikuna mpaka wametoka damu. Ijumaa nimekwenda na mzee wa kijiji kumwonyesha, tumekuta maji yanang'aa. Akaniambia, mama, nenda ukalale."

Mutindi alivuta kiti akamkalisha. Maji mabaya alikuwa ameyaona mengi. Kila kiangazi kilikuwa na yake. Lakini maji yanayokuwa mabaya na kupona yenyewe, kisha yakawa mabaya tena, hayo hakuwahi kuyasikia. Alimuuliza Mbinya kama juu ya kijito kuna bucha. Hakuna. Kuna josho la ng'ombe? Lilikufa zamani. Kuna nini basi?

"Watu tu. Na kiwanda cha kahawa, lakini hicho kiko mbali, juu kabisa ya mlima."

"Unajua kuandika?"

"Jina langu, na hilo kwa tabu."

Mutindi alitazama kile kiondo. Kilikuwa kimefika mahali ambapo kitako kimekwisha na ukuta unaanza kupanda. Kwenye bega la Mbinya zilining'inia nyuzi za katani, nyeupe na nyingine zilizotiwa rangi nyeusi.

"Mama, hiki ni cha mteja?"

"Ni changu. Sina haraka nacho."

"Basi nisaidie. Kila asubuhi, kabla hujateka, nenda uyatazame maji na kuyanusa. Yakiwa safi, zungusha mstari mmoja mweupe. Yakiwa mabaya, zungusha mweusi. Siku moja, mstari mmoja. Usiruke."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

Mbinya alifikiri kidogo. "Wakiniuliza kanisani nitasema nimetumwa na serikali," alisema, akaondoka.

Wiki mbili baadaye alirudi, na kiondo kilikuwa na mistari kumi na minne. Mutindi alikiweka mezani, akachukua kalamu, akaandika siku moja moja kuanzia chini. Jumatano na Alhamisi nyeusi. Ijumaa nyeupe. Jumamosi na Jumapili nyeusi. Jumatatu na Jumanne nyeupe. Wiki ya pili ilikuwa sawasawa na ya kwanza, kama mtu amepima kwa rula.

Mutindi hakuhitaji kuuliza kiwanda kilipokea kahawa siku zipi. Mama yake mwenyewe, Kalondu, alikuwa mwanachama wa chama cha ushirika chenye kiwanda hicho. Kila Jumanne na Ijumaa tangu Mutindi akiwa msichana, wakulima wa upande ule walichuma kahawa iliyoiva asubuhi na kuipeleka kiwandani mchana.

*

Meneja wa kiwanda aliitwa Mulei. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shemasi, mwenye kofia ya kitambaa na penseli nyuma ya sikio, na alimpokea Mutindi kwa heshima zote. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imepanda huko duniani na kila mtu mlimani alikuwa anachuma mpaka tunda la mwisho. Uwanja ulijaa magunia na punda.

"Nikuonyeshe kazi tangu mwanzo, Bwana Afya," Mulei alisema, na alionekana kufurahi kwa kweli. Kumbe katika miaka kumi hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza kahawa huoshwaje. Walikuwa wakitazama choo cha wafanyakazi na kuondoka.

Alimwonyesha mashine inayomenya ganda jekundu. Alimwonyesha matangi ambamo punje hulala zikichacha mpaka ule ute wake utelezao unalegea, kisha huoshwa kwa maji mengi siku ya pili. Maji ya kumenya, maji ya kuosha, yote yalipita katika mfereji wa saruji. Mutindi alichota kidogo kwa kiganja akalamba. Yalikuwa matamu kama miwa.

"Na yanakwenda wapi?"

"Mashimoni." Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mashimo manne makubwa, yamezungushiwa uzio wa mkonge. "Tulichimba kama Idara ya Maji ilivyotuagiza. Ardhi inayanywa polepole, hakuna kinachofika mtoni. Cheti kiko ofisini."

Cheti kilikuwepo, na hakikuwa na kasoro. Mashimo yalikuwepo pia. Mutindi alishukuru, lakini kabla ya kuondoka aliomba mti mrefu, akaukata alama kwa kisu kila urefu wa kiganja, akausimamisha ndani ya shimo la kwanza. Alisoma alama ambapo maji yalikuwa yamefika, akaandika. Ilikuwa Jumanne mchana, mashine ndiyo kwanza inawashwa.

Jumatano asubuhi alirudi. Maji shimoni yalikuwa pale pale yalipokuwa jana. Alitazama mashimo mengine matatu. Kingo zake zilikuwa kavu, na katika moja chura alikuwa ametulia juu ya majani.

"Meneja, jana mmemenya magunia mangapi?"

"Mengi. Tumekwenda mpaka jioni."

"Maji yake yako wapi?"

"Ardhi ya hapa ina kiu sana," Mulei alisema. Ila safari hii hakumtazama machoni.

Mutindi hakubishana. Alishuka hatua chache chini ya uzio, akachimba kishimo cha kina cha mkono, akamimina debe moja la maji na kukaa kwenye jiwe. Alikula ndizi zake mbili. Alisoma barua ya Muli mara ya pili. Saa sita mchana nusu ya maji ilikuwa bado imo. Ardhi haikuwa na kiu hata kidogo. Ilikuwa udongo mzito mwekundu, na kwa mwendo ule mashimo manne yangehitaji mwezi kunywa kazi ya siku moja.

Sasa alijua maji hayakuingia shimoni. Hakujua yalipita wapi.

Baadaye, alipokuwa akinisimulia haya, aliniambia kwamba wiki ile hakulala vizuri, na si kwa sababu ya hasira. Hasira ilikuja mwishoni. Alikuwa tu anataka kujua, kama vile mtu anavyotaka kujua mwisho wa kitendawili ambacho mwenzake ameanza kukitega akaitwa nje.

Alimwendea Mbinya kwa magunzi. Waliyakatakata vipande vidogo, wakajaza nusu gunia, kisha Mutindi akavitumbukiza katika dawa ya zambarau, ile ambayo muuguzi hupaka vidonda vya mdomo, na kuvianika. Ijumaa alikwenda tena kiwandani. Aliposikia mashine imeshika kasi, akasimama kando ya mfereji kama mtu anayepumzika, akamwaga vipande vile majini kiganja baada ya kiganja. Vilielea, vikapita chini ya ukuta, vikapotea. Alikwenda kutazama kwenye mashimo. Hakuna hata kimoja kilichofika.

Kule bondeni Mbinya alikuwa amekaa na ungo wake juu ya jiwe, miguu majini, akihesabu muda kwa redio ya jirani. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na salamu zimeanza wakati kipande cha kwanza cha zambarau kilipokuja kikizunguka. Mutindi alipowasili akihema, ungo ulikuwa na vipande vya kutosha kujaza kikombe, na maji yalikuwa yameanza kubadilika.

Kesho yake wawili hao walipanda kufuata kijito. Walipita migomba, wakapita shamba la miwa, wakafika mahali ambapo nyasi za ng'ombe zilikuwa ndefu na za kijani kuliko kawaida. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kusuasua na kila mahali pengine nyasi zilikuwa zimepauka. Mutindi aliingia humo kwa magoti. Chini ya rundo la mawe, mdomo wa bomba pana la saruji ulikuwa unatoa ute mweusi.

"Kumbe liko karibu hivi," Mbinya alisema.

*

Mutindi alipomwambia Mulei alichokiona, meneja hakukana. Alimwalika Mutindi ofisini, akafunga mlango, akavua kofia.

"Mashimo yale yalitosha mwaka tulioyachimba," alisema. "Kahawa ilikuwa nusu ya hii. Mwaka jana yakafurika. Nikaiambia kamati, tununue pampu, maji ya kuosha yarudi yaoshe tena, na tuongeze mashimo. Wakasema baadaye. Wewe unajua kahawa iliyochumwa leo isipomenywa leo inakuwaje? Inaoza, dada. Wanachama wangenila nyama. Kamati ikaleta bomba."

"Na watu wa chini?"

"Watu wa chini si wanachama."

Alilisema taratibu, na Mutindi aliona kwamba yeye mwenyewe hakulipenda alivyolisikia likitoka.

"Mama yako ni mwanachama," Mulei aliongeza. "Karo yako ya chuo ilitoka hapa. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ujue unapokanyaga."

Jioni ile Mutindi alikwenda kwa mama yake. Kalondu alikuwa anachambua kahawa, akitenga mbichi na iliyoiva, na binti yake akaketi kumsaidia.

"Mwaitu," alisema, kama tunavyowaita mama zetu, "unajua maji ya kiwandani yanakokwenda?"

"Nitajuaje? Mimi napeleka kahawa, napewa karatasi, narudi."

Mutindi akamweleza. Alimweleza kuhusu bomba, watoto wanaojikuna, kiondo. Kalondu aliendelea kuchambua mpaka mwisho.

"Na wewe utafanya nini?"

"Sheria inasema niwape ilani. Wasipotii, nawapeleka kortini."

"Utafunga kiwanda mwezi wa Desemba? Kahawa ikiwa mtini?"

"Sijasema kufunga."

"Korti ikisema?"

Mama yake aliinuka, akachukua ungo wa kahawa, akaingia nao ndani, na hakumwambia akae ale. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo.

*

Mkubwa wake, Muthama, alikuwa afisa wa afya Machakos, mtu mnene wa sauti ndogo aliyekuwa amesimama mbele ya mahakimu watano tofauti. Mutindi alimpigia simu kutoka posta ya Kikima.

"Umekwenda vizuri," Muthama alisema baada ya kusikiliza. "Lakini hakimu hawezi kufunga magunzi. Chukua maji kama tunavyochukua maziwa. Chupa tatu zilizochemshwa. Jaza zote mahali pamoja, kwa wakati mmoja, meneja mwenyewe akiwa anaona. Tia lakiri, aweke sahihi yake, na wewe yako. Moja yake, moja ya Mkemia wa Serikali Nairobi, moja ya korti. Halafu ilani. Usiandike neno lolote la hasira kwenye ilani."

"Kwa nini nimpe yeye moja?"

"Ili asije akasema umetia kitu. Akitaka, apeleke yake kwingine ikapimwe. Sheria haitaki umshinde kwa kumvizia."

Mutindi alilipenda jambo hilo, akaliwaza njia nzima. Jumanne iliyofuata walishuka pamoja mpaka mdomo wa bomba, yeye na Mulei, kama watu wanaokwenda msibani. Alijaza chupa tatu. Aliyeyusha lakiri nyekundu kwa mshumaa, upepo ukauzima mara mbili, na mara ya tatu Mulei mwenyewe ndiye aliyekinga moto kwa kofia yake. Walitia sahihi. Chupa ya Nairobi na ya korti ziliingia katika sanduku la barafu aliloazima kwa muuguzi. Mulei alitia yake mfukoni mwa koti.

Ilani iliwapa siku ishirini na moja kuondoa kero hiyo. Kamati ilikutana mara mbili. Mara ya kwanza walisema msimu uishe. Mara ya pili walimtuma mtu kwa chifu, chifu akamwita Mutindi, akamwambia kwa upole kwamba maendeleo yana harufu. Mutindi alimuuliza kama angependa kunusa, kwa kuwa maji hayo anayo kidogo kwenye mkoba. Chifu alisema hakuna haja.

Kanisani watu walianza kukaa mbali naye benchi moja. Ripoti ya mkemia ilipokuja, ilikuwa karatasi moja tu. Aliisoma mara nyingi mpaka akaielewa: ule utamu aliolamba kiwandani ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Ukifika mtoni, vijidudu vinaula na kuongezeka, na vinapoula vinamaliza hewa yote iliyo majini, hata kila chenye uhai kinakosa pumzi na kuoza. Hakuna mtu aliyetia sumu. Ilikuwa sukari ya tunda.

Siku ishirini na moja zilipita. Mashine ilimenya, bomba likatoa.

*

Kesi ilisikizwa Machakos katikati ya Januari. Mutindi ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka, kama sheria inavyoruhusu, na Muthama alikaa nyuma yake. Mwenyekiti wa chama cha ushirika alikuja na wajumbe sita wa kamati, wamevaa suti. Mulei alikaa peke yake mwisho wa benchi.

Shahidi wa kwanza alikuwa Mbinya. Hakimu, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, alichukua kiondo, akakigeuza.

"Hii ndiyo kumbukumbu yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Soma kuanzia chini."

"Na hapa, mstari huu mwembamba?"

"Siku hiyo nilikuwa na homa. Lakini nilikwenda."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema kiondo kitabaki kortini kama kielelezo. Mbinya aliuliza mpaka lini. Akaambiwa mpaka kesi iishe na siku za rufaa zipite. "Na viazi nitabebea nini?" aliuliza, na karani akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Mwenyekiti alikana. Alisema cheti kipo, mashimo yapo, na kijito kinapita kwa watu wengi wasio na adabu. Alizungumza vizuri, na Mutindi alianza kuona jinsi mambo yanavyoweza kuteleza.

Ndipo meneja alipoulizwa kama naye bado anakana shtaka. Mulei alisimama, kofia mkononi.

"Nakubali, mheshimiwa. Bomba lipo. Mimi ndiye hulifungua."

Mwenyekiti aligeuka kumtazama. Wajumbe wote sita waligeuka.

Hakimu alimuuliza Mutindi anaomba nini: kiwanda kifungwe? Hilo ndilo swali ambalo mama yake alimuuliza na hakuwa na jibu. Sasa alikuwa nalo, maana alikuwa ameliwaza kwa wiki saba.

"Hapana, mheshimiwa. Msimu umekwisha, mashine imelala mpaka kahawa ya katikati ya mwaka. Naomba bomba lizibwe leo. Naomba mashimo mapya na ile pampu ambayo meneja aliiomba mwaka juzi, na mashine isiwashwe mpaka mimi na mtu wa Idara ya Maji tuvione kwa macho."

Chama kilitozwa faini isiyotikisa mtu, na amri ikatoka vile vile alivyoomba, itimizwe kwa siku mia moja na ishirini.

Nje, chini ya ukumbi wa korti, Mutindi alimfuata Mulei. Hakuweza kujizuia. "Kwa nini ulikubali?"

Mulei alitazama pembeni, akaanza kucheka bila sauti.

"Ile chupa uliyonipa niliifungia kabatini, sebuleni. Nilitaka niipeleke ipimwe, nikasahau. Jumapili ya pili tumetoka ibadani, mchungaji na wazee wamekuja kula kwangu. Mke wangu ameleta kuku. Mchungaji ameinamisha kichwa anaombea chakula. Mara kabatini kukalipuka kama bunduki. Ilikuwa imechacha na kujaa hewa, lakiri yako ikaruka. Maji yakatiririka mpaka kwenye zulia. Dada, wageni wote walitoka nje. Kuku hakuliwa." Alifuta macho kwa kofia. "Mke wangu akaniuliza ni nini hicho. Nikamwambia. Akaniuliza, na hao wa bondeni wanatokea mlango gani? Kuanzia siku ile nikashindwa kulifungua bomba bila kusikia swali hilo. Nililifungua, lakini nilisikia."

*

Kazi ya mashimo ilifanywa kwa mwethya, kama watu wetu wanavyofanya kazi iliyo kubwa kuliko mtu mmoja. Mwezi wa Machi, kila Alhamisi, wanachama walikuja na majembe, vikundi vikipokezana nyimbo. Watu wa bondeni nao waliitwa, na swali likazuka la kwa nini wachimbe shimo la kahawa isiyo yao. Mbinya alisema yeye atachimba, lakini kwanza chama kikubali kuwaandikisha uanachama wale wa chini wenye miti michache. Walibishana siku mbili. Mwishowe waliandikishwa kaya kumi na moja.

Kalondu alikuja kila Alhamisi. Alichimba upande mwingine wa uwanja, mbali na binti yake aliyekuwa akipima vina kwa kamba, na walisalimiana kama watu waliokutana sokoni. Ilikuwa hivyo Machi yote na Aprili.

Pampu ilifungwa Mei. Siku ya majaribio ilihudhuriwa na mtu wa Idara ya Maji, Mutindi, na Mulei aliyekuwa na wasiwasi kama bwana arusi. Maji ya kuosha yalipita mferejini, yakaingia kwenye tangi, yakavutwa tena juu. Yaliyochakaa kabisa ndiyo yaliyokwenda mashimoni, machache, na mashimo sasa yalikuwa tisa. Katika kila shimo maji yalipanda kwenye alama za mti wa kupimia. Haikuwa kazi kamili: baadaye, kahawa ilipojaa sana, shimo moja lilivuja kando na Mutindi akaandika ilani nyingine, ya siku saba, nayo ilitiiwa siku ya nne. Kijito hakikurudi kuwa kama kile ambacho wazee walikisimulia. Lakini ng'ombe wa Mbinya alikunywa Jumatano.

Kuhusu mama yake, ilikuwa hivi. Jumanne moja ya Juni Mutindi alikuwa kiwandani, na Kalondu akafika na gunia lake juu ya punda. Alipima kahawa, akapewa karatasi yake. Kisha, badala ya kurudi nyumbani, akazunguka nyuma ya jengo na kusimama kwenye uzio wa mkonge. Mutindi alimwona, akamwendea, akasimama kando yake.

Walisikiliza pampu.

"Hayo maji," Kalondu alisema hatimaye, "yanarudi juu kuosha kahawa ile ile?"

"Ile ile, na nyingine."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, mara nne. Mpaka yawe mazito."

"Yakiwa mazito, kahawa haiharibiki ladha?"

"Mulei anasema ute hulegea haraka kwa sababu yana chachu ndani."

"Kama chachu ya pombe."

"Kama hiyo."

Kalondu alifikiri. "Na yakiingia shimoni, baada ya shimo yanakwenda wapi?"

Mutindi alifungua mdomo kujibu, akasita. Alikuwa na jibu la kitabuni, lakini kusema kweli hakuwahi kuona kwa macho yake yanakokwenda.

"Sijui vizuri, mwaitu."

"Basi twende tukatazame," mama yake alisema, na akaanza kushuka mteremko, akishika sketi yake kwa mkono mmoja na kamba ya punda kwa mwingine.